Nyika Nyingine

Ramani haikai ukutani hapa Kibokoni.
Chumvi huila gundi, nayo hubanduka kwa zamu:
kwanza Uzbekistani, kisha milima yote kwa pamoja.
Basi nimeitandaza juu ya meza ya jikoni
na kuikandamiza kwa mbuzi ya nazi,
meno yake yakiielekea Mongolia.
Mama akapita, akatazama, akasema,
"Huko wanao mbuzi wa miguu minne.
Huyu wangu nirudishie."

Gari liko Jomvu, uani kwa Mselem fundi,
juu ya matofali.
Giaboksi ni ya kulia machozi, asema, ila itapona.
Asema dizeli ya huko huganda
kama mafuta ya nazi asubuhi za Julai,
na huko Julai haipiti upesi.

Nina daftari la miraba.
Visa tatu. Kibali cha mpakani.
Kitabu cha forodha cha gari, ambacho mimi,
niliyegonga mihuri ya watu Kilindini miaka kumi na tisa,
sijapata kukiona chenye jina langu.
Madumu mawili. Kamba. Dawa ya kuendesha.
*Kilomita mia tatu na ishirini bila kituo cha mafuta*:
hiyo nimeipigia mstari mara mbili.
Swafiya alisema ndiyo, kisha labda,
kisha tukajikuta tunazungumza harusi ya binamu yake.

Jumamosi nilikwenda Kongowea kutafuta joto.
Makoti yamelala marobota kwa marobota,
mazito, yamekumbatiana,
katika mji ambao watu hulala na feni.
"Dada, una homa?" muuzaji akanicheka.
Nikapata la sufu, rangi ya mkaa, mia nne na hamsini.
Mfukoni mlikuwa na glavu ya mtoto, moja,
na tikiti ya treni yenye herufi nisizozijua.
Nimezirudisha mlemle. Si zangu.
Koti lililetwa huku bila kuulizwa,
nami nalipeleka kwao.

Kisha Badi, mlinzi wa bohari la barafu Liwatoni,
akanifungulia mlango kwa siri.
Nilisimama na koti langu baina ya jodari,
macho yao wazi, hawashangai kitu.
Dakika kumi na moja
kabla kidevu hakijanisaliti.

Bibi yangu hakuvuka Mazeras maishani mwake.
Baada ya pale, alisema, ni nyika,
na nyika haina adabu:
haina adhana, haina kisima,
haina mlango wa kupigia hodi.
Nimetafuta neno la zile nchi tambarare za nyasi
ambako farasi kwa mbali
ni chawa juu ya blanketi.
Wenyewe wana lao. Vitabu vina lao.
Langu lilikuwa likiningoja kinywani mwa marehemu.
Ni nyika tu, bibi,
nyika iliyovaa baridi.

Nyumba yetu ina vidato arobaini na viwili,
toka mlangoni hadi darini.
Mselem alinipigia hesabu kwenye kipande cha katoni:
njia ya juu kabisa kwenye ile milima
ni mita elfu nne, mia sita hamsini na tano,
kwa hiyo nivipande mara mia sita sitini na tano.
Kila siku baada ya isha napanda.
Leo ni ya mia mbili na tatu.
Juu kuna tangi, kuna shuka za Bi Mwanajabu kambani,
kuna mimi, nashika ukuta, pumzi imenikimbia.

Chini mama amelipakata koti,
anakaza vifungo kwa uzi wa mshipi,
yeye ambaye tangu Shaabani hachoki kunisomea:
msafiri maskini ajapokuwa sultani.
"Umefika wapi?" apaza sauti.
Namwambia.
Kimya.
Kisha nasikia akikata uzi kwa meno.
"Shuka ule," asema.
"Halafu upande tena."